Mimi Nani?

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, mwaka juzi, bibi yangu alinituma nimletee mgeni kiti.

Tulikuwa Kibosho, nyumbani kwake katikati ya migomba, na baridi ilikuwa imeshuka kutoka mlimani tangu alfajiri. Nilitoka jikoni na kikombe chake cha chai ya maziwa nikamkuta chumbani, amesimama mbele ya kabati la nguo, lile lenye kioo kirefu mlangoni ambalo babu alilinunua mwaka kahawa ilipolipa vizuri. Alikuwa amejitanda kitenge mabegani, mikono ameikutanisha mbele kama anavyofanya siku zote akipokea watu. Akaniambia kwa sauti ya chini, ya mtu asiyetaka kumwaibisha aliyekuja: "Huyu mama amesimama muda mrefu na mmemwacha tu. Mletee kiti."

Nikachungulia juu ya bega lake. Ndani ya kioo alikuwamo yeye, na nyuma yake mimi na kikombe.

"Bibi, huyo ni wewe."

Akanigeukia. Hakukasirika. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyekosea kitu chepesi, akaweka kiganja kifuani. "Mimi niko hapa," akasema.

Nilileta kiti. Nilikiweka mbele ya kabati, na mle kiooni kikatokea kiti cha pili. Bibi akaridhika, akachukua chai yake akatoka kuota jua barazani. Mimi nikabaki nimekaa kwenye kile kiti. Uso aliouosha kila asubuhi kwa miaka 84 haukuwa wake tena. Lakini aliposema "mimi", mkono wake haukukosea pa kwenda.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, hapa Moshi. Si daktari wala mwanasaikolojia. Daktari aliyempima bibi alitueleza kuwa ana dimensia, ugonjwa unaoharibu ubongo polepole, na kwamba baadhi ya wagonjwa, ukishakomaa, huacha kuitambua sura yao kwenye kioo. Alitushauri tusibishane naye. Mama mdogo anayeishi naye alikuwa ameshafika hapo bila kuambiwa: usiku bibi alikataa kubadili nguo kwa ajili ya yule mama, basi akakitundikia kioo kitenge. Mpaka leo kimefunikwa.

Swali lililonibana ni la upande wa mwanzo. Kama hivi ndivyo mtu anavyoweza kujipoteza, alijipata lini? Hii "mimi" tunayoitamka mara mia kwa siku, ambayo kwa ajili yake watu wanajenga, wanagombana, wanaoa, wanaua, ilituingia kwa mlango gani?

Nyumbani kwangu nilikuwa na mtu aliyekuwa anaielekea njia ile ile ambayo bibi alikuwa anairudi. Mwanangu alikuwa na miezi 14. Nilimpaka rangi ya mdomo kwenye ncha ya pua akiwa anacheka na mambo mengine, nikamsimamisha mbele ya kioo cha bafuni. Alimfurahia mno mtoto aliyemkuta. Alimgonga, akambusu mpaka kioo kikashika ukungu, akainama kumtafuta nyuma ya ndoo. Pua yake hakuigusa. Nikawa narudia kila baada ya wiki kadhaa. Alipotimiza miezi 20, asubuhi moja, alitazama, akanyamaza, kidole kikapanda taratibu kikatua puani, puani kwake. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: aligeuka akaficha uso kwenye gauni langu. Siku zote zile alikuwa akitembea uchi sebuleni mbele ya wageni bila wasiwasi. Siku mtoto wa kwenye kioo alipoondoka, haya ndiyo iliyoingia mahali pake.

Jaribio hili si langu. Mwanasaikolojia Beulah Amsterdam alilifanya Marekani na kulichapisha mwaka 1972, kwa rangi nyekundu kwenye pua za watoto wadogo, akaona kuwa wengi huanza kuigusa pua yao katika umri wa kati ya miezi 18 na 24. Aliandika pia juu ya ile haya. Miaka miwili kabla yake mwenzake wa Marekani, Gordon Gallup, alikuwa amewafanyia sokwe kitu kama hicho. Mwenyewe amesimulia kuwa wazo lilimjia akiwa mwanafunzi, akinyoa ndevu. Aliwaweka sokwe wanne peke yao, kila mmoja na kioo, kwa siku kumi. Siku za mwanzo walikitishia kioo kana kwamba kuna sokwe mgeni. Baadaye wakaanza kukitumia: kuchokonoa meno, kukagua sehemu za mwili ambazo macho hayafiki. Ndipo akawalaza kwa dawa ya usingizi, akawapaka rangi nyekundu isiyo na harufu juu ya jicho moja na kwenye sikio la upande wa pili. Walipoamka na kujitazama, mikono yao ilikwenda moja kwa moja kwenye rangi. Jamii za tumbili aliowajaribu hawakufanya hivyo.

Watu wengi waliosikia habari hii huishia hapo. Mimi kilichonishika ni kilichofuata. Mwaka 1971 Gallup na wenzake walirudia jaribio kwa sokwe waliolelewa peke yao tangu wadogo, bila kukaa na sokwe wengine. Ubongo ni ule ule, macho ni yale yale, kioo wamewekewa vilevile. Hawakujitambua. Hawakuonyesha dalili hata moja.

Niliisoma sehemu hiyo mara tatu, usiku, mtoto amelala pembeni yangu. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba nafsi ni kitu anachozaliwa nacho mtu, kama figo, kisha akikua anakwenda nacho kwa wenzake. Hapa kulikuwa na viumbe ambao hawakuwa na wenzao, na kile kitu hakikuota.

Kioo chenyewe nimekuja kukipunguzia heshima. Mwaka 2011 kundi la watafiti lilichapisha matokeo ya jaribio hilo hilo katika nchi kadhaa. Kenya walijaribu watoto 82, wenye umri wa kuanzia mwaka mmoja na nusu hadi miaka sita. Waliogusa au kuondoa alama waliyowekewa walikuwa wawili. Wawili kati ya 82! Waliobaki, wengi wao, walisimama wameganda wakijitazama. Ukiisoma takwimu hiyo kwa haraka utasema watoto wa Kenya hawajitambui mpaka wanakaribia kuanza shule, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kugombea kipande cha mkate na mtoto wa miaka minne anajua si kweli. Watafiti wenyewe walilikataa jibu hilo. Walieleza kuwa mtoto aliyelelewa kusubiri aambiwe hatagusa kitu alichowekwa na mtu mzima mgeni, hata kama kiko usoni pake. Mimi naungana nao kabisa. Nilikuzwa hivyo. Mtu mzima akikupaka kitu usoni, unaanza kwa kumtazama yeye ujue anataka nini.

Tena kioo ni kitu cha juzi. Bibi aliwahi kunisimulia kwamba alipokuwa msichana, kioo alichokijua kilikuwa kimoja, cha ukubwa wa kiganja, nyumbani kwa mwalimu wa jirani, na ulikwenda kujitazama kwa kuombewa na mama yako. Watu wameishi duniani maelfu kwa maelfu ya miaka, wakaoana na kuzikana, bila kuiona vizuri sura ambayo kila mwingine aliiona. Hao nao walikuwa na "mimi". Waliitoa wapi?

Jibu nililipata jikoni, na sikulitafuta.

Mwanangu ana jina la bibi. Niliomba mwenyewe apewe. Na kwa kuwa jina la mzee haliitwi kavukavu, nyumba nzima tunamwita mtoto "Bibi". Bibi mwenyewe anamwita somo. Pasaka ya mwaka jana tulikuwa Kibosho, nyama imeiva, watu wanatafuta mabenchi. Nikaita kutoka mlango wa jikoni: "Bibi! Njoo unawe mikono!"

"Abee!"

Zilikuwa sauti mbili. Moja ya mtoto wa karibu miaka miwili kutoka upande wa banda la mbuzi, nyingine ya mzee kutoka barazani. Wote wawili wakaja. Mkubwa alitangulia kufika, mikono ameinyoosha tayari kwa maji, viganja juu, na ile ngozi yake iliyokuwa nyepesi kama karatasi. Wiki ile alikuwa ameshalisahau jina la mama yangu, mtoto wake wa kwanza. Nikawanawisha pamoja, kwenye beseni moja, maji ya vuguvugu.

Usiku nikalala nikifikiria neno abee. Wanawake wa Kiswahili tunaitika hivyo, wanaume wanaitika naam. Zamani walisema labeka, neno lililotoka kwenye Kiarabu, la ukoo mmoja na lile wanaloliitikia mahujaji wakielekea Makka. Anayeitika hasemi yeye ni nani. Anasema tu kwamba umemwita, na yupo. "Mimi niko hapa", kama bibi alivyonijibu mbele ya kabati.

Nikaanza kusoma upya, safari hii nikifuata sikio badala ya jicho. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa mtoto wa miezi minne na nusu husikiliza mlio wa jina lake kwa muda mrefu zaidi kuliko majina mengine, hata yanayofanana nalo kwa mkazo. Hajui bado kwamba mlio ule ni yeye. Ameshaushika kama mlio unaomhusu, kwa sababu kila unapotokea kuna uso unamwinamia, kuna ziwa, kuna mikono. Hapo bado ana mwaka mzima na zaidi kabla ya kukifikia kile kidole cha puani. Na ukubwani sikio haliachi. Mwaka 1959, Uingereza, Neville Moray aliwavalisha watu vifaa vya masikioni, akawataka wafuate maneno ya sikio moja tu. Yaliyosemwa kwenye sikio la pili hawakuyasikia kabisa, ila theluthi moja hivi walilinasa jina lao lilipopita huko. Wengine wamepima ubongo wa mtu aliyelala na kuona kwamba unalipokea jina lake tofauti na majina mengine. Mtu amelala, "mimi" imezimwa, na mlinzi wa mlangoni bado anasubiri kuitwa.

Hata tembo. Mwaka 2006, katika bustani ya wanyama ya Bronx huko New York, tembo anayeitwa Happy aligusa kwa mkonga alama aliyochorwa kichwani baada ya kuiona kwenye kioo kikubwa, na habari ikazunguka dunia. Mimi nimeguswa zaidi na habari ya majirani zetu. Mwaka 2024 watafiti walichapisha uchambuzi wa milio 469 ya tembo wa Samburu na Amboseli, iliyorekodiwa kwa miaka zaidi ya 30, wakaonyesha kuwa tembo huitana kwa milio inayofanya kazi kama majina. Waliwasikilizisha tembo 17 rekodi hizo: mlio uliotolewa awali kwa ajili ya tembo fulani ulimfanya aitike na kusogea haraka kuliko mlio uliokusudiwa mwingine. Amboseli iko nyuma tu ya mlima wetu. Tembo wake huvuka mpaka wakaja upande huu wa magharibi ya Kilimanjaro. Inawezekana usiku huu, kule chini kwenye migunga, kuna mtu mzima wa kitembo anamwita mwenzake, na mwenzake anajua ni yeye.

Jane Goodall alipofika Gombe mwaka 1960 aliwapa sokwe majina: David Greybeard, Flo, Fifi. Wasomi walimlaumu, wakasema angewapa namba. Ninaelewa walichoogopa. Ukishampa mtu jina umeshamfungulia mlango wa kuitika.

Sasa niseme la lugha, kwa sababu hapo ndipo ninapoishi.

Kila mwaka nawafundisha kidato cha pili kuchambua kitenzi, na mwaka huu niliandika ubaoni nimejiona. Wakakikata vizuri: ni, nafsi ya kwanza, mtenda, me, wakati uliotimilika, ji, kujirejea, on, mzizi, a, kiishio. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, ni mtu mmoja, mbona ana viambishi viwili?"

Sikumjibu siku hiyo. Nilimwambia nitarudi nalo, na nilimaanisha. Mwanasaikolojia wa Marekani, William James, aliandika juu ya jambo hili hili mwaka 1890, kwamba nafsi ina pande mbili, mimi ninayejua na mimi ninayejulikana, na alihitaji kurasa nyingi kulieleza kwa sababu Kiingereza kinayatenga maneno hayo kila moja na mahali pake. Kiswahili kimewakalisha wote wawili ndani ya neno moja, wakitazamana, katikati yao wakati tu.

Na angalia tunavyoitumia hiyo ji. Anajiona. Anajisikia. Anajivuna, anajikweza, anajidai. Hayo yote ni lawama. Mtu aliyebaki anajitazama mwenyewe, lugha inamwona ameharibika, na hata neno nafsi lenyewe limetuzalia ubinafsi. Lakini anajitambua ni sifa, na anajielewa ni sifa kubwa kwa kijana. Tofauti iko wapi? Nimeifikiria sana hii. Kuona unaweza kuona chochote, hata usichokijua. Kutambua ni mpaka uwe ulishakifahamu kabla, au umeonyeshwa na mwingine: "unamtambua huyu?" Anayejitambua amekubaliana na waliomjua kabla yeye hajajijua. Anayejiona amewafungia nje.

Kuna na kusutwa na nafsi. Kusuta ni jambo la hadharani: mtu anayesutwa anakabiliwa uso kwa uso na wenye ushahidi, anaambiwa uliyoyasema si kweli. Waswahili wa kale walipotaka jina la kile kinachomtesa mtu usiku akiwa peke yake, walichukua jina la tukio la uani lenye watu wengi wakaliingiza ndani ya kifua. Sidhani walikosea. Mwanasaikolojia Mrusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alieleza kuwa maneno ya kimyakimya tunayojisemesha nayo kichwani yalianza yakiwa maneno ya wengine kwetu. Mtoto huyachukua, akajisemesha kwa sauti, kisha sauti ikazama ndani. Nilishuhudia hilo kwa macho yangu. Mwanangu aliachwa dakika moja karibu na jiko la mkaa. Mkono ukaenda. Halafu nikasikia, kwa ukali wangu mwenyewe na mkato wangu mwenyewe: "Bibi! Usiguse! Moto!" Mkono ukarudi. Alikuwa peke yake. Alijiita, akajikataza, akajitii.

Miezi ile alikuwa bado anajisema kwa mbali, "Bibi anataka uji", kama anavyosemwa na sisi. Baadaye ikaja siku akasema "nataka uji". Sikuisherehekea, nilikuwa nachelewa kazini. Najuta kidogo, maana kati ya sentensi zile mbili kuna safari ndefu kuliko kutambaa na kutembea. Mtu mmoja alikuwa amehama kutoka nafsi ya tatu kuja nafsi ya kwanza. Wanasarufi tunazipanga ya kwanza, ya pili, ya tatu, lakini mtoto anazipokea kinyume: anaanza kuwa "yeye" midomoni mwa watu, "wewe" mikononi mwa mama, na "mimi" inakuja mwisho.

Kuhusu Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna aliyechunguza nafsi za wagonjwa wake, nitapita tu. Hii ego ambayo siku hizi kila mtu analo neno lake mdomoni, yeye hakuiita hivyo. Mwaka 1923 aliandika kwa Kijerumani cha kawaida, das Ich, yaani "mimi", neno ambalo mtoto wa Vienna angelielewa. Waliomtafsiri kwa Kiingereza ndio waliokwenda kuazima Kilatini. Tangu hapo tunaongelea ego kama ugonjwa wa mtu mwingine. Ingebaki "mimi" tungeogopa zaidi, na tungeihurumia zaidi.

Nilipowapeleka wanafunzi Olduvai tulisimama mbele ya nakala ya nyayo za Laetoli. Miaka milioni 3.66 iliyopita, kwenye majivu ya volkano yaliyolowa, viumbe walitembea kwa miguu miwili, na mmoja wao alikanyaga ndani ya nyayo za aliyetangulia. Walikuwa na ubongo mdogo, usiozidi sana ule wa sokwe. Siwezi kuwapa "mimi" ninayoijua. Ila hatua iliyowekwa ndani ya hatua ya mwingine ni hatua ya mtu anayemwangalia mwingine, na kwa yote niliyoyasema, hapo ndipo pa kuanzia.

Kuna aliyedai kwamba kujitambua ni jambo la juzi tu. Julian Jaynes, Mmarekani, alisema mwaka 1976 kuwa hadi miaka kama 3,000 iliyopita watu hawakuwa na hiyo nafsi ya kujitafakari. Walisikia sauti vichwani wakaziita miungu, wakazitii. Napenda kwamba alianza na sauti. Tarehe yake siiafiki hata kidogo, na sababu yangu iko Kilifi. Katika pango la Panga ya Saidi walikuta kaburi la miaka 78,000, la kale kuliko makaburi yote ya binadamu wa aina yetu yanayojulikana Afrika. Aliyelazwa mle ana umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, umri wa mwanangu ninapoandika haya. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa hadi kifuani, mwili umefungwa, na kichwa kilikaa kana kwamba chini yake palikuwa na kitu kama mto kilichooza baadaye. Habari ilichapishwa mwaka 2021. Jina aliloitwa na mama yake limeondoka na mama yake, basi watafiti wakampa jingine, la Kiswahili: Mtoto.

Aliyemwekea yule mtoto kitu laini chini ya kichwa alisema, kwa lugha yoyote waliyokuwa nayo, "wangu". Na hakuna awezaye kusema wangu bila kuwa na mimi.

Nimefika kwenye jambo ambalo lilikuwa karibu nami kuliko yote, na nilichelewa kuliona. Watu wasomi wametumia karne nyingi kwenye swali "mimi ni nani?", na sisi tunaliuliza mlangoni kila jioni. Hodi! Nani? Mimi. Mimi nani? Kwa sababu kila anayebisha hodi ni "mimi", na neno hilo peke yake halimfungulii mtu mlango. Inabidi aongeze kile alichopewa na wengine. Mimi Mama Fulani. Mimi, mtoto wa kwa mwalimu. Tangu nimezaa, mtaani kwangu hakuna anayeniita jina langu. Mimi ni Mama Bibi, na mtu akiliita jina la cheti cha kuzaliwa inanichukua muda kugeuka. Zamani ningeliona hilo kuwa ni kumezwa. Siku hizi nikisikia "Mama Bibi!" kutoka gengeni nageuka mwili mzima kabla sijafikiri, na najua aliyeitwa ni nani.

Bibi ana jina jingine, la nyumbani kwao, la kabla ya ubatizo. Sitaliandika hapa. Lilikuwa la vinywa vichache, na vyote vimeshafukiwa isipokuwa kimoja, cha mdogo wake anayekaa upande wa pili wa korongo. Akija, huanza kuliita akiwa bado kwenye migomba. Bibi husimama. Siku ambazo hakumtambua mtu yeyote kati yetu, siku ambazo hajasema neno tangu asubuhi, kwa jina hilo husimama na kuitika kwa Kichaga, kwa sauti ya juu, ya msichana.

Jumamosi iliyopita tulipanda Kibosho kama kawaida. Nilikuwa nashusha mfuko wa unga na mafuta kutoka kwenye bodaboda, mtoto akanitangulia mbio. Mlango wa chumba cha bibi ulikuwa umefungwa. Aliupiga kwa viganja vyote viwili.

"Hodi!"

"Nani?" Sauti ya bibi ilikuwa ya usingizi.

"Mimi!"

"Mimi nani?"

"Mimi Bibi!"

Kukawa kimya. Nilisimama ukumbini na mfuko mkononi. Ndani kitanda kililia, nyayo zikaburuzika kuja mlangoni, zikasimama. Kisha akasema, polepole, bila shaka yoyote kwenye sauti yake:

"Bibi ni mimi."

Mtoto alifikiri. Akasogeza mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Na mimi," akasema.

Komeo likavutwa.